Mizizi ya Wazee na Mguu wa Panya

Hapa Golf, mjini Lubumbashi, kama kwingineko, mwenye goti lililovimba huchemshiwa mizizi. Je, uvimbe umeshuka kwa nguvu ya mzizi, au kwa kupita kwa siku? Macho matupu hayawezi kujibu. Ndiyo sababu wataalamu hujaribu kwanza kwa panya.

Njia inayofuatwa sana ilitangazwa mwaka 1962. Panya hugawanywa makundi matatu: la kwanza hupewa maji, la pili dawa iliyokwisha kujulikana, la tatu maji ya mmea. Kisha kila panya huchomwa katika wayo sindano ya karajinani, yaani ute wa mwani. (Mwani unaolimwa Paje, Unguja, tangu mwaka 1989 huuzwa kwa ajili ya ute wa jamii hiyo.) Mguu huvimba, nao hupimwa saa kwa saa. Ikiwa kundi la tatu limevimba kidogo waziwazi kuliko la kwanza, mmea una nguvu.

Lakini panya si mtu. Jaribio hilo peke yake halituambii kama mmea unadhuru ini au figo, wala mtoto anywe kiasi gani. Basi, enyi wazazi, tusiidharau mizizi ya wazee, wala tusimfiche daktari: tumwambie jina lake na kiasi tulichokunywa.