Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo

Jamani wadau, leo naandika nikiwa na usingizi na hasira kwa pamoja, mnivumilie.

Juzi usiku nilipeleka chupa ya uji wodini kwa dada yangu. Mwanawe ana miaka minne na ana selimundu, ule ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Baridi ya mvua hizi ilimwanzia miguuni ikapanda mgongoni, shuka tu likimgusa analia. Dada alikuwa na usiku wa tatu pale, analala kakaa, kichwa kaegemeza kitandani. Nikampokea mtoto nikamzungusha koridoni kama dakika ishirini hivi. Mama wa kitanda cha jirani akanitazama, akasema: "Mungu akubariki baba, wanaume kama wewe ni wachache."

Mimi ni mjomba! Chupa ya uji na dakika ishirini, tayari nimebarikiwa. Dada yangu siku tatu hajaoga vizuri, na hakuna aliyemwambia neno zaidi ya kumuuliza kama dripu imeisha.

Na baba mtu je? Yupo hapahapa mjini, mzima wa afya, ana kazi nzuri tu. Aliondoka mtoto akiwa na mwaka na miezi, vidole vya mikono na miguu vimeanza kuvimba. Ukoo wao ukakaa kikao, wakatoka na hukumu: "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Yaani dada ndiye aliyekuja nao, labda ulikuwa ndani ya begi alilopewa kwenye sendofu.

Sasa naomba tuelewane hapa. Mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja. Anapokea kinasaba kimoja kwa mama na kingine kwa baba. Mwenye kimoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida anaishi zake bila kuumwa, tena kinamkinga na malaria kali, ndiyo maana kimeenea nchi za mbu kama yetu. Kwa hiyo shemeji, inawezekana kweli kwenu hakuna mgonjwa. Mbebaji yupo, na ni wewe. Ukibisha basi sema mtoto si wako, jambo ambalo hata ukoo wako umelikwepa, maana masikio yale hayana pa kujificha.

Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Kila mmoja wao ana baba. Siku moja nikiwa kliniki niliamua kuhesabu waliokaa kwenye mabenchi: akina mama, bibi kadhaa, na wanaume watatu, mimi na mlinzi tukiwemo.

Mtasema wanaume wako kwenye kutafuta. Sawa, na dada naye alikuwa anatafuta! Ameshapoteza kazi mbili, barua zote zimeandikwa "utoro". Utoro wenyewe ndio huu: vidonge vya foliki asidi kila siku, penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, chandarua, kumnywesha maji hata hataki, sweta hata Dar. Kila jioni anampapasa chini ya mbavu za kushoto kuangalia kama bandama limevimba. Homa ikipanda hakuna kusubiri kukuche, ni bodaboda na hospitali usiku uleule. Mtu anayefanya haya peke yake atawahi saa ngapi kazini?

Na mimi nisijifanye msafi. Kwenye kamati ya harusi yao nilikuwa katibu. Tulikaa vikao vingi tu, tukabishana usiku kucha kuhusu rangi ya vitambaa na idadi ya kreti. Kanisani wakaulizwa cheti cha UKIMWI, wakaleta. Kipimo cha selimundu hakikutajwa na yeyote, na muhtasari niliandika mimi. Sisemi wabebaji wawili wasioane, hayo ni yao. Kwa kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, wakishajua wanaamua wenyewe. Ila wangejua mapema, kile kikao cha ukoo kingekosa ajenda.

Jana daktari akasema damu ya mtoto imeshuka sana, tutafute wa kuchangia. Nikampigia shemeji. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi na huyo mwanamke tulishamalizana." Nilikuwa sijamtaja mwanamke yeyote. Tukachangia mimi na vijana wawili wa ofisini, ambao mtoto mwenyewe hawajawahi hata kumwona.

Leo asubuhi ameamka ana nguvu, anadai chipsi. Akamuulizia na baba yake. Dada akamwambia yuko kazini.