Mikataba Ni Yetu, Tuiombe kwa Barua

Tarehe 13 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitoa uamuzi ambao mpaka leo hatujautumia ipasavyo. Jaji John Mativo aliiamuru serikali ya Kenya itoe mikataba ya reli ya kisasa (SGR), ile inayoanzia Miritini, Mombasa, kwenda Nairobi. Waliofungua kesi ni wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo. Hawakudai fidia, wala hawakutaka treni isimamishwe. Walitaka kusoma karatasi za deni tunalolipa sote.

Ujenzi wa reli hiyo uligharimu shilingi zipatazo bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China uliotiwa saini 2014. Abiria walianza kusafiri 2017. Muda wote huo raia wa kawaida hakujua masharti ya mkopo. Upande wa serikali ulishikilia usiri. Jaji akaona kwamba kuwanyima walalamishi habari hizo ni kuvunja kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Sisi wa Pwani tunajua usiri huo ulitugharimu nini. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yanayoshushwa bandarini yasafirishwe kwa reli. Madereva wa malori wakakosa safari, gereji zikakosa kazi, kina mama wanaouza chakula kando ya barabara kuu wakabaki na sufuria zimejaa. Watu waliandamana Mombasa wakiuliza kwa nini tunalazimishwa. Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye makaratasi: Mamlaka ya Bandari ilikuwa imejifunga kwa mkataba kuihakikishia reli shehena. Aliyepoteza riziki yake alistahili kuusoma mkataba huo kabla hajaipoteza.

Novemba 2022 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa hadharani mikataba ya mikopo ya 2014. Wananchi wakasoma kwa macho yao kwamba mzozo ukitokea utaamuliwa Beijing. Hiyo ilikuwa hatua, na astahiliye shukrani apewe. Lakini yalikuwa yamepita miaka minane.

Siandiki haya ili tuupigie makofi uamuzi wa mahakama. Nawaandikia kuwaomba muutumie, kwa sababu kesi ile ilitanguliwa na jambo dogo ambalo kila mmoja wetu analiweza: barua za maombi zilizopelekwa serikalini.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imelirahisisha jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na sheria yenyewe inataja lugha hizo mbili. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa ili ombi lake liandikwe. Kuomba hakulipiwi, unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Afisa anatakiwa aamue ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

Tuseme zahanati ya mtaani kwenu imekaa na kuta bila paa, na ubao wa mradi umeshapauka. Chukua karatasi uandike: “Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa eneo hili. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba, naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa zahanati yetu, jina la mkandarasi, kiasi alicholipwa mpaka sasa na tarehe ya kukamilisha kazi.” Weka jina, anwani na sahihi. Toa nakala mbili. Moja iache katika ofisi ya serikali inayohusika na mradi, ya pili usiondoke nayo mpaka igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, maana siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.

Pengine mtu wa mapokezi atakuuliza, “Hizi unazitakia nini?” Mjibu kwa upole. Sheria inasema haki yako haitegemei sababu uliyonayo, wala ile anayoidhania afisa. Zipo habari ambazo sheria inaruhusu zizuiwe, kama zinazogusa usalama wa taifa au siri za maisha ya mtu binafsi, na tusiombe kwa nia ya kumchimba jirani. Bei ya paa la zahanati haimo katika siri hizo.

Ukinyimwa, au ukinyamaziwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman. Mahakama nayo iko wazi: kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kufungua kesi ya kutetea haki za msingi hakutozwi ada.

Najua hofu iliyopo, kwamba mkubwa haguswi. Basi tukumbuke Septemba 2024. Watu watatu walikuwa wametekwa nyara katika mji wa Kitengela, na mahakama ikamtaka Gilbert Masengeli, aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, afike mwenyewe kueleza. Hakufika. Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akampa siku saba ajitokeze. Tarehe 20 Septemba watu wale walipatikana wakiwa hai, na siku hiyohiyo afisa huyo akasimama mbele ya jaji, akaomba radhi na kusamehewa. Jaji hakuweza kuyafanya hayo peke yake. Walikuwapo jamaa na mawakili waliokataa kunyamaza, na wananchi waliofuatilia kesi siku hadi siku.

Walimu, wazee wa mitaa, viongozi wa misikiti na makanisa, vijana wa vikundi, nawaomba kitu kimoja. Chagueni mradi mmoja unaowagusa: kisima, barabara, basari za watoto, soko. Kaeni jioni moja muandike barua, na watie sahihi wengi ili mzigo usimwelemee mmoja. Mawakili, wasaidieni watu hawa bila malipo pale mnapoweza. Nanyi maafisa mtakaozipokea, zijibuni. Wengi wenu mnafanya kazi safi, na majibu yenu ndiyo yatakayowatenga na wanaofuja.

Barua hiyo iandikwe wiki hii, kwa Kiswahili. Jibu likija, lisomeni mbele ya watu wote. Zikipita siku 21 bila jibu, chukueni nakala yenye muhuri muipeleke kwa Tume.