Namba ya Uthibitisho Isitufundishe Kuibiwa

Na Subilaga Mwakajila

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Akina mama wa Ikombe huvuka na mitumbwi iliyosheheni vyungu, na simu ya nyumbani huenda na mama, imefungwa kwenye pindo la kanga, maana ndiyo itakayopokea malipo.

Huku nyuma binti aliyemaliza kidato cha sita anajaza maombi ya mkopo wa chuo kwa smatifoni ya kuazima. Akaunti inadai namba ya uthibitisho. Namba imeingia kwenye simu ya mama, sokoni, na baada ya dakika chache haitafanya kazi. Binti anapiga: “Mama, nisomee hizo namba sita.” Mama anasoma. Wiki ijayo akipiga tapeli mwenye sauti ya upole, anayejiita mtu wa huduma kwa wateja, mama atasoma vilevile, kwa kuwa ameshazoea.

Lawama ni ya wanaobuni mifumo wakidhani kila Mtanzania ana laini yake, simu yake na mtandao usioyumba. Ikombe, iliyobanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, haiko hivyo.

Hata hivyo, wanaotaka namba hizi ziondolewe siwaungi mkono. Nywila peke yake haitoshi. Wengi tunaweka mwaka wa kuzaliwa, tena uleule kila mahali. Usajili wa laini nao hautoshi: Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na bado meseji za kitapeli za “tuma kwenye namba hii” zinatufikia. Hata meseji ya uthibitisho haina kinga kamili: anayefanikiwa kuirudisha laini yako kwa ulaghai, namba zako zote zinamwendea yeye.

Njia zipo. Kuna programu zinazotoa namba ndani ya simu yenyewe, mpya kila sekunde 30, bila mtandao wowote. Kuna namba za akiba zinazoandikwa kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hizi za akiba zinamfaa hata mwenye kitochi. Tena si lazima kila kuingia kudai namba. Kutazama maombi yamefikia wapi, kwa simu ileile ya jana, si sawa na kubadilisha akaunti ya benki. Hapo kwenye benki mfumo ubane, hata ukitusumbua.

Na kila meseji ieleze kwa Kiswahili namba hiyo inafungua nini. Wewe msomaji, usiyemjua akikuomba namba hizo, kata simu. Meseji ya kitapeli ipeleke 15040.