TICHA WA FIMBO KUMI, KITABU KIKO WAPI?
Wana Kibiti, kuna ticha simtaji, mwenyewe anajijua. Dogo kachelewa namba, kala fimbo kumi! Eti "nidhamu". Nidhamu gani hiyo? (Mimi nilichapwa sana, na hesabu sijui hadi leo.)

Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: mwisho vinne. Anachapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kitabuni: jina, kosa, idadi ya viboko.

Wazazi, acheni kulalamika kijiweni, nendeni mkakiulizie hicho kitabu. Bukoba 2018 mtoto wa darasa la tano alikufa kwa kipigo shuleni, na mwaka uliofuata mwalimu akahukumiwa kunyongwa. Sisi tunasubiri wa kwetu?