Usiulize rangi ya kabro, uliza shimo

Ukipita Kitengela siku hizi, kila geti jipya lina kabro. Poa, sina shida na hilo. Shida yangu ni vile tunaziweka.

Mwaka jana mimi na dadangu tulichanga pesa, tukamwekea mama kabro kutoka getini hadi mlangoni. Fundi alikuja na bei tamu. Akakwangua nyasi, akamwaga mchanga, akapanga. Siku mbili, kazi imeisha, picha ziko Instagram. Mvua ya Aprili ilipokuja, ule udongo mweusi ulifura. Jua liliporudi, ukanywea na kupasuka. Sasa pale mlangoni pana mawimbi, maji yanatuama, na mama hupita akishika ukuta asijikwae. Na tulimwekea ili asikanyage matope!

Kwa hivyo wewe unayejenga, au unayemjengea mzazi, usianze na rangi. Muulize fundi atachimba kiasi gani. Udongo mweusi hutolewa, shimo likajazwa mawe, kisha muramu unaoshindiliwa kwa mashine tabaka baada ya tabaka, halafu vumbi la mawe, ndipo kabro zipangwe. Akikwambia atashindilia kwa miguu, mpe nauli aende zake. Pembeni kuwe na mawe ya ukingo yaliyoshikwa kwa simiti, la sivyo kabro zitaanza kuachana. Mteremko nao uelekee mtaroni, si sebuleni.

Unene pia uangalie. Za milimita 50 ni za watu wa miguu. Gari dogo linataka 60. Lori la maji likiwa linaingia kwako (na Kitengela nani hanunui maji?), chukua 80. Nanyi wa mawe ya Mazeras msicheke: jiwe jembamba juu ya udongo laini huvunjika tu.

Najua utasema pesa hazitoshi. Basi punguza eneo, usipunguze shimo. Tengeneza mistari miwili ya magurudumu, katikati acha nyasi. Majirani watasema nini? Waseme. Hawatakulipia kufumua.

Sisi tunafumua Desemba. Kabro nyingi bado ni nzima, tutazirudisha. Mama ameweka sharti moja: kabla hata moja haijapangwa, aitwe aje aangalie shimo.