BARAZA LA KARANI: Ufunguo wa Ukumbi



Juma hili tuzungumze habari za ukumbi. Parokia nyingi zina ukumbi uliojengwa kwa jasho la waamini: huyu alitoa kuku, yule mchanga, mwingine siku zake za kufyatua matofali. Ajabu ni kwamba jengo likiisha hutiwa kufuli. Hufunguliwa siku ya arusi na siku ya mgeni mkubwa, basi. Siku nyingine ni nyumba ya popo. Na vijana wako wapi? Wako kilabuni.

Sikilizeni habari za ukumbi mmoja wa Marekani. Karibu na mji wa South Bend, jimbo la Indiana, kuna Chuo Kikuu cha Notre Dame, yaani Bibi Yetu, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Ndilo shirika lile lile lililoleta mapadre wake Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa Askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961.

Mwaka 1968 chuo hicho kilifungua jengo kubwa lenye kuba mbili. Chini ya kuba moja walitengeneza uwanja wa mpira wa kikapu. Kwa wasioujua: watu watano kila upande hurusha mpira kwa mikono upite katika pete iliyotundikwa juu. Mwalimu James Naismith aliubuni mwaka 1891 kwa vikapu vya kuchumia matunda tu. Chini ya kuba ya pili walitandaza barafu kwa mpira wa magongo.

Tarehe 19 Januari 1974 iliingia humo timu ya UCLA, iliyokuwa imeshinda michezo 88 mfululizo. Zilipobaki kama dakika tatu na nusu, wenyeji walikuwa nyuma, 59 kwa 70. Hawakukata tamaa. Walipata pointi 12, wageni wasipate hata moja, wakashinda 71 kwa 70.

Lakini mpira si kazi pekee ya nyumba ile. Kwa miaka mingi humo ndimo wanafunzi walimopewa digrii zao. Marais Carter mwaka 1977, Reagan mwaka 1981 na Obama mwaka 2009 walihutubia humo, ingawa juu ya huyo wa mwisho Wakatoliki walibishana sana kama ilifaa kumwalika. Na Padre Theodore Hesburgh, mkuu wa chuo kwa miaka 35, alipofariki mwaka 2015, watu walikusanyika humo kumkumbuka.

Mwaka 1987 jengo lilipewa jina la Padre Edmund Joyce, aliyesimamia fedha za chuo pamoja na michezo yake. Mimi nishikaye daftari za parokia nafurahi kusikia kwamba mtu wa hesabu naye aweza kuwalea vijana!

Najua wazee mtasema, "Karani, wale ni matajiri. Sisi tuna bati na mabenchi." Ni kweli. Lakini ninalotaka tujifunze si utajiri, ni ratiba. Kila kazi ilipewa siku yake. Na kazi ikikua, hupata nyumba yake: mwaka 2011 mchezo wa barafu ulihamia jengo jingine.

Basi, Jumatatu wawe wanaojifunza kusoma, Jumatano akina mama, Jumamosi vijana. Nje ya ukumbi simikeni nguzo mbili zenye pete za chuma. Mhunzi wa kijiji aweza kuzifua. Ufunguo washike watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja. Liwepo daftari la kuandika nani amefungua, amefunga saa ngapi, na kitu gani kimevunjika. Kilichovunjika walipe waliokuwamo.

Mnaogopa mabenchi? Benchi likivunjika, seremala yupo. Kijana akivunjika, mtampeleka kwa fundi gani?

Swali langu kwenu ni hili: ufunguo wa ukumbi wenu uko mfukoni mwa nani? Muulizeni Jumapili hii baada ya Misa, kwa adabu, mbele ya Baba Paroko.

Ni mimi, Karani wenu.