Hariri Haifutiki, Kwa Hiyo Tujaribu

Anayechora kwa penseli akikosea hufuta, na anayetumia rangi ya mafuta hufunika kosa kwa tabaka jingine. Mchoraji wa hariri hana nafasi hiyo. Tone la rangi likigusa kitambaa husambaa kwenye nyuzi mpaka likutane na mstari wa gutta, gundi inayotangulia kuchorwa ili kuizuia rangi. Mstari huo ukiwa na upenyo wa ncha ya sindano tu, rangi huvujia upande wa pili. Tena, rangi haionyeshi sura yake ya mwisho mpaka kitambaa kipikwe kwa mvuke na kufuliwa. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba mwanafunzi afuate kanuni tu, aache kujaribujaribu. Mimi naona kinyume: pale kosa lisipofutika ndipo majaribio yanapohitajika zaidi, mradi yawe na mpango.

Tazama kazi ya Mjapani Itchiku Kubota, aliyezaliwa mwaka 1917. Akiwa na miaka 20 aliona katika jumba la makumbusho la Tokyo kipande cha hariri cha tsujigahana, ufundi wa kufunga kitambaa kwa uzi, kukitia rangi, kisha kukinakshi kwa brashi. Ufundi huo ulikuwa umetoweka kwa karne kadhaa, wala hapakuwa na fundi wa kumfundisha. Vita vilimkatiza, akawa mateka Siberia. Utafiti wenyewe aliushika kwa dhati akiwa amevuka miaka 40, na maonyesho yake ya kwanza ya kazi hiyo yakaja mwaka 1977, akiwa na miaka 60. Ufundi wa kale hakuurudisha kama ulivyokuwa. Aliishia kwenye hariri ya aina nyingine na rangi za viwandani, akaupa ufundi wake jina lake mwenyewe. Kanuni za kufuata hazikuwapo. Majaribio ndiyo yaliyomfikisha huko.

Atasema mtu kwamba kwa kila Kubota mmoja wapo wengi waliopoteza miaka na fedha bure, na kwamba hariri ni ghali mno kuchezewa. Hoja hiyo ina uzito, ila inapinga kubahatisha, si kujaribu. Anayejaribu hutumia vipande vilivyobaki, hubadilisha jambo moja kwa wakati, na huandika kiasi cha maji, aina ya rangi na muda wa mvuke. Chukua chumvi: ikinyunyizwa juu ya rangi mbichi hunyonya unyevu na kuacha michirizi inayofanana na maua. Asiyeandika atastaajabia ua moja zuri asiweze kulipata tena. Aliyeandika unyevu wa kitambaa na ukubwa wa punje ana pa kuanzia kesho.

Hili linawahusu pia walimu wetu wa batiki, kwani rangi iliyopenya chini ya nta nayo hairudi nyuma. Wasitoe alama kwa kitambaa kilichokamilika pekee. Walisome na daftari la majaribio, pamoja na vipande vilivyoharibika. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini fundi ataepukaje kulirudia kosa ambalo hakuliandika popote?